Kwenda Duna na kurudi: safari inayopigiwa hesabu kuanzia mwisho

Kila anayecheza Kerbal Space Program, gemu ya kompyuta ya kuunda na kurusha roketi, kwa muda wa kutosha huipata aibu ileile. Roketi imepaa, safari kati ya sayari imekwenda salama, chombo kimetua wima kwenye mchanga mwekundu wa sayari ya Duna, bendera imesimikwa na picha zimepigwa. Halafu unatazama kipimo cha mafuta. Wanaanga wako Jebediah, Bill na Bob wanabaki wamesimama kando ya chombo wakitabasamu, maana Kerbali, viumbe wa gemu hii, hawali, hawanywi na hawazeeki, nawe unarudi karakana kuunda roketi ya pili ya kwenda kuwachukua. Si ajabu hiyo nayo ikakwama palepale.

Wengi wakifika hapo huongeza matangi. Roketi inakuwa ndefu kama ghorofa, inayumba ikiwa bado kwenye jukwaa, inapasuka kabla ya kuvuka mawingu, na lawama zinaangukia kompyuta. Lakini kinachowashinda watu Duna mara chache huwa ni udogo wa roketi. Wanashindwa kwa sababu wamepanga safari kwa mpangilio wa kuisafiri: kwanza kuruka, kisha kufika, kisha kutua, na kurudi tutajua hukohuko.

Mchezo wenyewe ulitengenezwa na Squad, kampuni ya jijini Mexico City. Ulitoka hadharani mwaka 2011, na toleo kamili la 1.0 likafuata Aprili 2015. Mengi ndani yake ni mzaha, kuanzia wanaanga wa kijani wenye macho ya mshangao. Mwendo wa vyombo si mzaha. Kerbin, sayari ya nyumbani, ina nusu kipenyo cha kilomita 600, chini kidogo ya moja ya kumi ya Dunia yetu, ila mvutano juu ya uso wake ni uleule wa kwetu. Udogo huo ni huruma ya watengenezaji: kufika kwenye mzingo, yaani njia ya kuizunguka sayari, kunagharimu kama mita 3,400 kwa sekunde, wakati roketi halisi zinahitaji zaidi ya 9,000. Duna ndiyo Mirihi ya huko. Ni nyekundu, ina barafu kwenye ncha zake, mvutano wake ni asilimia 30 ya ule wa Kerbin, hewa yake ni nyembamba mno, na ina mwezi mmoja uitwao Ike.

Hizo mita kwa sekunde ndizo sarafu ya mchezo. Angani hakuna msuguano, kwa hiyo umbali haugharimu kitu. Chombo kikishapewa mwendo kinaelea bure kwa miezi. Unacholipia ni kubadilisha mwendo, uwe unaongeza, unapunguza au unageuza. Wachezaji huita jumla ya mabadiliko hayo delta-v, na wana ramani zinazoonyesha bei ya kila hatua kutoka Kerbin hadi sayari zote. Anayeitazama ramani hiyo kwa mara ya kwanza hudhani imekosewa. Kutoka mzingo wa chini wa Kerbin hadi kwenye njia ya Mun, mwezi ulio mlangoni, ni kama mita 860 kwa sekunde. Kutoka hapohapo hadi kwenye njia ya Duna, sayari nyingine kabisa, ni kama 1,070. Aliyekwisha kutua Mun na kurudi ana ujuzi wa kuunda roketi ya kumfikisha Duna. Kinachobaki ni ratiba na hesabu.

Hesabu yenyewe ni ya mwaka 1903, ilipochapishwa na Konstantin Tsiolkovsky wa Urusi. Kasi utakayoipata inategemea vitu viwili: ufanisi wa injini, na uwiano kati ya uzito wa chombo kikiwa kimejaa na kikiwa kitupu. Uwiano huo unaingia kwa njia ya logarithimu, na hapo ndipo penye ukatili. Mafuta utakayochoma mwisho lazima yabebwe na yale utakayochoma mwanzo, kwa hiyo kujaza mara mbili hakukupi kasi mara mbili. Kila kilo utakayoihitaji siku ya mwisho imezidishwa mara kadhaa siku ya kwanza, na ndiyo maana hesabu lazima ianzie mwisho.

Basi waweke Kerbali nyumbani kwanza, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua. Kushuka Kerbin mwishoni ni karibu bure: ngao ya joto na parachuti zinatosha. Kabla ya hapo kuna kuuacha mzingo wa Duna kuelekea nyumbani, kama 610. Kabla yake, kupaa kutoka ardhi ya Duna hadi mzingoni, kama 1,450. Kutua, parachuti zikisaidia, tenga 300 na usizionee uchungu. Kufika na kushika mzingo wa Duna ni 610 nyingine ukitumia injini peke yake. Kutoka Kerbin ni zile 1,070.

Sasa tazama kutua na kupaa, jumla 1,750. Injini ya Terrier, inayopendwa kwenye vyombo vya kutua, ina ufanisi wa sekunde 345 kwenye ombwe, yaani pasipo hewa (ufanisi wa injini hupimwa kwa sekunde: zikiwa nyingi, mafuta yanatumika vizuri zaidi). Chombo chenye tani 4 kikiwa kitupu, ili kishuke na kupanda tena, kinahitaji kujazwa hadi tani 6.7 hivi. Hiyo ni bei ya kawaida. Lakini tuseme umeamua kushusha kila kitu: makazi ya safari ndefu, injini kubwa, ngao ya joto na mafuta ya kurudia, jumla tani 20. Hesabu ileile inadai tani 13.5 za mafuta kwa ajili ya kwenda chini na kurudi juu tu, na tani hizo zote zilipaswa kusafirishwa kutoka Kerbin. Hapo ndipo roketi inapogeuka ghorofa.

Mabishano haya yaliwahi kufanyika kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, NASA ilipokuwa ikitafuta njia ya kufika Mwezini, mhandisi John Houbolt aling'ang'ania kwamba chombo kikubwa kisishuke kabisa. Kibaki juu kikizunguka, kishuke kidogo tu. Mwaka 1962 NASA ilikubali njia hiyo. Ndiyo maana Julai 1969 Michael Collins alibaki ndani ya Columbia huku Neil Armstrong na Buzz Aldrin wakishuka na Eagle. Kwa Duna ushauri ni huohuo. Chombo mama kibaki mzingoni na rubani mmoja, mathalani Valentina. Chombo chepesi kishuke na Jebediah anayejua kukiongoza na Bob mwanasayansi.

Chombo mama ndicho mahali pa injini ya nyuklia, Nerv, yenye ufanisi wa sekunde 800. Kikiwa na kazi ya mita 2,500 kwa sekunde na uzito mtupu wa tani 20, Terrier ingekitaka kianze na karibu tani 42. Nerv inaridhika na 27.5. Tofauti hiyo inashawishi, lakini ina kodi yake. Nerv peke yake ina uzito wa tani 3, na inasukuma kwa nguvu ileile ya Terrier ndogo. Kuwasha injini kwa ajili ya kuondoka Kerbin kutachukua karibu dakika 8, wakati mzunguko mzima wa mzingo wa chini ni dakika 31. Maana yake, robo ya sayari imepita chini yako kabla hujamaliza kusukuma, na mwelekeo uliouanza nao si ule unaomalizia. Wazoefu hugawa kazi: wanawasha kidogo kila wanapopita mahali palepale, mzingo unarefuka upande mmoja, na mzunguko wa mwisho ndio unaowatoa.

Kwa nini basi wasitoke kwanza Kerbin taratibu, wakifika nje ndipo waelekeze chombo Duna? Swali hili ndilo linalowatenganisha wachezaji wa Mun na wachezaji wa sayari, na linastahili subira kidogo. Ukiwa kwenye mzingo wa kilomita 80, unakwenda mita 2,279 kwa sekunde. Kuuponyoka mvuto wa Kerbin kabisa kunahitaji kuongeza kama 944. Ukishatoka na kuanza kuzunguka Jua la huko, kuifikia Duna kunahitaji 918 zaidi. Jumla 1,862. Lakini ukiwasha mara moja tu, ukiwa bado chini karibu na Kerbin, jumla ni 1,072. Kwa mita 128 za ziada ukiwa chini umepata kazi ya mita 918 ukiwa nje.

Hakuna kiini macho hapo. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo msukumo uleule ukitolewa chombo kikiwa kasi huongeza nishati nyingi kuliko ukitolewa kikiwa polepole. Na chombo huwa kasi zaidi kikiwa karibu na sayari. Kanuni hiyo hupewa jina la Hermann Oberth, na mchezaji akiishaielewa haachi kuitumia: choma mafuta chini, penye mwendo mkali. Binafsi naona hilo peke yake linatosha kuhalalisha saa zote zinazopotelea kwenye gemu hii.

Kuna zawadi nyingine ndogo kabla hata ya kufika mzingoni. Kituo cha kurushia roketi cha Kerbin kipo karibu kabisa na ikweta, na mbele yake upande wa mashariki ni bahari. Ukirusha kuelekea mashariki, mzunguko wa sayari unakuongezea kama mita 175 kwa sekunde bila malipo. Duniani zawadi hiyo hufika kama 465 kwenye ikweta, na pwani ya Kenya iliwahi kuitumia. Kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa na Waitaliano baharini karibu na Malindi, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ilipewa jina Uhuru kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake.

Ratiba sasa. Siku ya Kerbin ina saa 6. Kerbin huzunguka jua lake kwa siku 426 hivi, Duna kwa karibu 802. Njia ya bei nafuu kati yao ni nusu ya duaradufu inayoanzia kwenye mzingo wa Kerbin na kugusa mzingo wa Duna upande wa pili wa jua, na huchukua kama siku 302. Kwa kuwa Duna nayo inatembea wakati huo wote, unaondoka ikiwa mbele ya Kerbin kwa takriban nyuzi 44, ili chombo na sayari vifike mahali pamoja siku moja. Nafasi hiyo hujirudia kila baada ya siku 909 hivi. Ukiikosa, usijaribu kuikimbiza kwa mafuta. Harakisha muda usubiri nyingine.

Ugumu unaosahaulika ni kwamba kurudi nako kuna nafasi yake, na haifunguki siku unayotua. Manahodha wa majahazi kutoka Ghuba walilijua jambo la namna hii: kaskazi iliwaleta Zanzibar na Mombasa, lakini haikuwarudisha, ilibidi wangoje kusi. Duna inakungojesha siku 529 hivi. Unapofika, Kerbin iko mbele yako kwa nyuzi 75. Ili urudi kwa bei nafuu inapaswa iwe nyuma kwa nyuzi 75. Jumla ya safari nzima ni karibu siku 1,130 za huko. Mchezo unakuwezesha kuharakisha muda hadi mara 100,000, hivyo siku 302 za njiani zinapita kwa dakika moja na ushei. Safari ya Mirihi ya mtindo huu ingechukua takriban miaka miwili na nusu ya kweli, na wanaanga wake wangekula kila siku. Wapo wachezaji wanaoongeza programu za ziada zinazodai chakula, maji na oksijeni. Ningemshauri mgeni aziache kwanza, adha zilizopo zinatosha.

Njiani kuna kazi moja. Ukiwa nusu ya safari, msukumo mdogo sana huhamisha mahali utakapopita Duna kwa maelfu ya kilomita. Ukingoja hadi ufike, marekebisho yaleyale yatakula sehemu kubwa ya akiba. Lenga upite juu kidogo ya angahewa, inayoishia kilomita 50, na upite upande utakaokufanya uzunguke sawa na mzunguko wa sayari. Na chunga Ike. Mwezi huo uko kilomita 3,200 tu kutoka Duna, na eneo lake la mvuto linafika kilomita 1,050 kila upande. Wengi wamepanga njia safi kwenda Duna wakajikuta wamepindishwa na Ike kuelekea wasikokujua.

Kushika mzingo kunaweza kufanywa kwa injini, au kwa kuzamisha chombo kwenye hewa ya juu na kuiacha ifanye kazi ya breki. Ya pili inaokoa mita mia kadhaa na inavutia kuitazama. Pia ndiyo inayovunja paneli za jua zilizosahaulika wazi na kupindua chombo kirefu chenye uzito nyuma. Safari ya kwanza lipa zile 610 kwa injini. Breki ya hewa ijifunze na chombo kisicho na mtu.

Kutua Duna kuna unafiki wake. Hewa ipo, kwa hiyo unaweka parachuti. Lakini shinikizo lake ardhini ni kama moja ya kumi na tano ya lile la Kerbin, kwa hiyo parachuti zilizotosha nyumbani hapa zinapunguza tu mwendo, hazikutui. Waliotegemea injini peke yake wanachoma mafuta bure. Waliotegemea parachuti peke yake wanaokota vipande. Kutoka mzingo wa kilomita 60 unakwenda karibu mita 890 kwa sekunde. Sukuma kidogo kinyume cha mwendo, acha hewa imeze sehemu kubwa ya kasi, fungua kwanza parachuti ndogo za kupunguza mwendo, kisha kubwa, na sekunde za mwisho zikabidhi injini.

Chagua bonde. Milima ya Duna inazidi kilomita 8, na kila unavyopanda hewa inapungua. Parachuti ikifunguka juu ya nyanda za juu haina muda wala hewa ya kufanya kazi. Kumbuka pia kwamba kipimo kikuu cha kimo huhesabu kutoka usawa wa sifuri wa sayari. Kinaweza kusema mita 3,000 wakati mchanga uko mita 200 chini ya miguu yako. Na chombo kiwe kifupi na kipana, miguu iwe mbali na katikati, kwa sababu tambarare inayoonekana laini kutoka juu huwa na mteremko wa kutosha kuangusha chombo chembamba. Kabla ya kuanza kushuka, bonyeza F5 kuhifadhi mchezo. Hakuna heshima yoyote katika kuikataa.

Tua karibu na ikweta, chini ya njia ya chombo mama, kwa sababu ya kinachofuata. Kupaa kutoka Duna ni rahisi. Kumkuta Valentina ndiko kunakotoa jasho. Akili ya barabarani inasema aliye mbele yako mkimbize. Mzingoni, ukisukuma mbele unapanda juu, na juu mzunguko ni mrefu na wa polepole, kwa hiyo unazidi kuachwa. Ili kumfikia aliye mbele unapunguza mwendo, unashuka kwenye mzingo wa chini unaozunguka haraka zaidi, kisha unapanda tena mkikaribiana. Mkiwa kilomita chache, futa kwanza tofauti ya kasi kati yenu hadi iwe karibu sifuri, ndipo usogee taratibu. Anayeruka hatua hiyo hupita kando ya chombo mama kwa kasi ya risasi akimpungia mkono.

Vyombo vikishaunganishwa, hamisha watu, na kabla ya kukitupa chombo cha kutua hakikisha data za sayansi na sampuli zimehamia kwenye kapsuli itakayorudi. Ukisahau hili, safari nzima imekuwa matembezi.

Kurudi ni kuondoka Duna ukielekezwa nyuma ya mwendo wake, ili uanguke ndani kuelekea Kerbin, siku nyingine 302. Utaingia kwenye angahewa kwa kasi ya mita 3,370 hivi kwa sekunde. Weka nukta ya chini ya njia yako kati ya kilomita 30 na 40: ukipita juu sana utachubua hewa na kutoka tena upande wa pili, ukipita chini sana joto litakuwa kali kuliko ngao. Tupa kila kitu isipokuwa kapsuli, ngao na parachuti, geuza ngao mbele, na usiguse parachuti hadi alama zake zikuonyeshe kwamba ni salama kufungua. Bahari au nchi kavu, popote panafaa, ilimradi si ubavuni mwa mlima.